Mjomba wangu, mchora chui wa Morogoro Stores (uzi mrefu, mwenye haraka apite)

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita kwenye uzi mmoja wa mambo ya utalii kuna mchangiaji alituambia kuwa wachoraji wa Tingatinga (zile picha za wanyama za rangi kali, zilizopewa jina la aliyezianzisha) ni fotokopi zinazotembea: chui yuleyule, twiga yuleyule, Kilimanjaro uleule, tangu enzi za Mwalimu hadi leo. Nikaanza kumjibu palepale. Jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikalifuta, nimekuja kufungua wangu.

Kilichonisukuma zaidi ni wasifu wa marehemu. Mjomba wangu tulimzika mwaka jana, makaburi ya Kinondoni. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, msemaji wa familia alisimama na karatasi moja, tena upande mmoja. Kazaliwa Tunduru, kaja Dar es Salaam kutafuta maisha, "alijishughulisha na sanaa", kaacha mjane, watoto wanne na wajukuu. Tumwombee. Mtu kachora miaka arobaini na ushee, anapewa maneno matatu! Sisi kina mama tuliokuwa ndani tulitazamana tu.

Basi wasifu wenyewe nauandika hapa.

Huyu ni kaka wa mama, tumbo moja, yeye mkubwa. Wenye asili ya kusini mnajua uzito wake. Kwetu ukoo unafuata mama. Baba analea, ila mjomba ndiye mwenye neno: posa inapitia kwake, mtoto wa kiume akienda jandoni yeye anaulizwa, ada ikikwama macho yote yanageukia kwake. Mama alipoachika na kuja Dar na watoto watatu, hakujiuliza afikie kwa nani. Alifikia Mwananyamala, kwenye chumba na ukumbi cha mjomba, ukumbi ambao nusu yake ilikuwa hadibodi zilizoegeshwa ukutani zikikauka. Tulilala kwa kupishana na tembo.

Mjomba aliingia Dar katikati ya miaka ya 70. Edward Saidi Tingatinga hakuwahi kumwona. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mzee mwenye brashi pale Oysterbay ameshaulizwa na mgeni kama alikuwa mwanafunzi wake, na wapo walioitikia kwa ajili ya biashara. Mjomba alikuwa akijibu, "Mimi nimekuta kaburi."

Kwa wasiojua: Tingatinga alizaliwa 1932 huko huko wilaya ya Tunduru. Alitoka kwao akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu, akafanya vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1968 ndipo akaanza kuchora, kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta ile ya kupaka milango na baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako Wazungu na maofisa walikuwa wanakuja kununua mahitaji. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliodhani gari alimokuwamo ni la wahalifu. Akafariki.

Hesabu hapo. 1968 hadi 1972. Aliyeanzisha alichora miaka 4 tu. Waliobaki na brashi walikuwa vijana aliowafundisha, wengi wao ndugu na watu wa nyumbani: Abdallah Ajaba, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Nao wakaita wapwa zao, binamu zao, mashemeji zao. Mjomba aliingia kwa mlango huo, na barua ya binamu mkononi. Picha za Tingatinga mwenyewe nyingi zina mnyama mmoja au wawili na nyuma rangi tupu. Hebu zilinganishe na hizi za leo zenye soko zima, hospitali, harusi, mashetani, ndege themanini kwenye mbuyu mmoja. Fotokopi gani inayotoa karatasi yenye vitu kuliko ile uliyoiweka?

Naenda kupika, nitarudi.

#2 – Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, mimi ndiye niliyeandika fotokopi. Kwanza pole kwa msiba. Pili, nasimama na hoja yangu. Nenda maduka ya zawadi ya Dar, Slipway na Mwenge, vuka Unguja uingie vichochoro vya Mji Mkongwe. Utakuta twiga wale wale watatu wamesimama kwenye machweo yale yale. Inawezekana mjomba wako alikuwa wa aina yake, lakini hiyo haibadilishi kilichopo sokoni. Historia umetupa, asante, ila ubunifu bado sijauona.

#3 – Mchangiaji, Tunduru

Mimi mtu wa Nakapanya. Huu uzi nimeusoma mpaka mke wangu akauliza nacheka nini. Hilo la mjomba umelisema kiungwana mno, huku mjomba akikohoa tu posa inaahirishwa.

Endelea dada. Tena nina swali: alikuwa anachora simba? Wazee wetu wa hiyo miaka hawakuwa na hamu na simba hata wa kwenye noti.

#4 – Mwanzisha uzi

Nimerudi. Mkuu wa Dodoma, mimi ni dada, tuanzie hapo. Asante kwa kujitokeza mwenyewe.

Ngoja niwaeleze kazi ilivyokuwa inafanyika, maana mnaongelea mboga mliyoikuta mezani.

Shiti ya hadibodi ni futi 8 kwa 4. Ukiikata futi 2 kwa 2 unapata vipande 8, hakibaki hata cha kufunikia mtungi. Mjomba alisema ndiyo sababu picha nyingi za zamani ni za mraba: ni hesabu ya mtu asiye na hela ya kutupa. Baadaye ikaja turubai, yaani kitambaa cha pamba kinachovutwa kwenye fremu na kupakwa rangi nyeupe kwanza, kwa sababu mgeni anaweza kukikunja akakitia kwenye begi. Mjomba aliingia kwenye kitambaa kwa shingo upande. Kinanesa chini ya brashi, akasema, ni sawa na kumchora mtu anayepumua.

Ukishakata, unalaza rangi ya nyuma. Siku ya kwanza ni hiyo tu. Njano chini, chungwa katikati, nyekundu juu, na brashi pana inapita kwenye mpaka kabla rangi hazijashika, mpaka usione moja imeishia wapi. Wanafunzi wake walikaa miezi wakilaza rangi za nyuma, hawaruhusiwi hata jicho la ndege. Halafu unaacha ikauke. Rangi ya mafuta haina haraka. Ukiiwahi, ya juu inakunjamana kama ngozi ya maziwa na kipande kimeharibika. Ukichelewa kukifunika, vumbi la Mwananyamala limeshakaa. Ikikauka unachora mnyama kwa chaki, unamjaza, unasubiri tena, unakuja na brashi nyembamba uliyoipunguza nywele kwa wembe. Doti zilikuwa zinapigwa kwa njiti ya kiberiti au kwa kichwa cha msumari. Doti za chui alizipiga kwa msumari wa inchi tatu, za kanga (yule ndege) kwa njiti. Mimi nilianza kupiga doti za kanga kabla sijajua kuandika jina langu, na watu wakimwambia msichana anakaa na wanaume uani anawajibu, "Kwani kanga wote ni madume?"

Sasa ubunifu. Hapo Morogoro Stores wachoraji kumi wanaweza kuchora chui siku moja. Mteja anaona chui kumi. Sisi tulikuwa tunajua huyu ni nani.

Mjomba hakuchora chui, alichora watu. Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee mmoja mrefu, ana pengo la meno ya juu, akija kudai kodi anasimama mlangoni na mguu mmoja ndani mmoja nje ili usimfungie. Wiki ile ile akatokea chui mwenye pengo, mguu mmoja ndani ya nyasi mmoja nje, anatazama pembeni kwa macho ya mtu anayehesabu miezi. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Mwenye nyumba mwenyewe akaja, akaitazama sana, akasema "Chui mzuri, ana heshima." Tuliingia ndani tukajifungia kucheka. Picha ilinunuliwa na mama mmoja wa Denmark. Kwa hiyo hivi tunavyoongea, kuna sebule huko Ulaya mwenye nyumba wa Mwananyamala anaendelea kudai kodi, na hela ya kumuuza ndiyo iliyomlipa.

Kanga walikuwa kina mama wa bombani. Unawaona wamejipanga, mmoja kageuza kichwa kinyume na wenzake, huyo kanuniwa. Tulijua kanuniwa kwa lipi. Kulikuwa na mbuni mmoja shingo ndefu kuliko desturi, huyo balozi wa nyumba kumi, hakuna chungu asichochungulia. Ukiuliza kwa nini tembo huyu ana sikio limekunjwa, unapewa kesi nzima ya jirani asiyetaka kusikia habari za deni lake. Wageni waliondoka na wanyama, umbea ukabaki kwetu.

Ndugu wa Nakapanya, umegusa penyewe. Simba alichora, lakini kila simba wake amefunga mdomo, na wengi wamelala. Wenzake wakimwambia mgeni anataka simba anayenguruma, anasema, "Mgeni hajakaa Tunduru." Miaka ya 80 simba walikula watu kule, kila mwenye ndugu wilayani ana habari yake. Kaka zake wa ukoo walikuwa wanalinda mashamba usiku. Kumchora simba na kinywa wazi ili apendezeshe ukuta aliona ni utovu wa adabu kwa waliokufa. Alikosa oda kwa sababu hiyo, na hakujali.

#5 – Mchangiaji, Mombasa

Nimepitia hapa kwa bahati tu na sasa siwezi kutoka. Mie wa Changamwe. Mjomba wangu alikuwa mchongaji kwa ule ushirika wa Akamba Handicraft, ulioanzishwa 1963. Twiga, twiga, twiga. Siku zote twiga. Watu walikuwa wamcheka ati akiota usiku aota shingo.

Lakini wee ndugu wa Dodoma, ushawahi kuona mchongaji akichagua gogo? Twiga wa mpingo si twiga wa muhugu, na twiga wa mwarobaini ni mwengine kabisa, kwa sababu mti una fundo lake na fundo halisongi kukupisha. Yeye ndiye apinde shingo. Twiga elfu, shingo elfu. Mimi nilipomuuliza kwa nini hachongi kitu kipya akaniambia, "Nikimaliza huyu nitajua." Kafa hajamaliza, Mungu amrehemu.

Dada endelea, tuko nawe.

#6 – Mchangiaji, Dar

Swali la kiuchumi. Alitengeneza hela? Maana nasikia picha za Tingatinga za mwanzo zinauzwa minadani Ulaya kwa bei ya kiwanja.

#7 – Mwanzisha uzi

Mombasa, asante. Hilo la fundo angelipenda.

Nianze na swali la hela halafu nirudi kwa mkuu wa Dodoma, maana yanahusiana.

Hela ilikuja na kuondoka. Zinazouzwa bei ya kiwanja ni za Tingatinga mwenyewe na za wachache wa mwanzo. Mjomba aliuza kwa bei ya kulipia vitu vinavyojulikana: chui mmoja mkubwa ni kodi, ndege wawili ni gunia la mkaa na mchele. Ada yangu ya sekondari niliibeba mara mbili kwa umbo la pundamilia. Yaani nilikwenda nao mwenyewe mpaka kwa mteja, nikarudi na noti, nikapeleka shuleni. Siku nikiambiwa nimesomeshwa na serikali huwa nacheka kimoyomoyo.

Kuna miaka mibaya sana. Baada ya vita vya Kagera mpaka katikati ya miaka ya 80 duka lilikuwa na kaunta na muuzaji, bidhaa hamna. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, rangi ya mafuta ndiyo kabisa. Kuna kipindi alipata kopo la nyekundu na kopo la nyeupe, basi. Mtu mwingine angekaa. Mjomba akachanganya, akachora twiga wa rangi ya waridi kwenye machweo mekundu. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Akauza wote. Mteja akarudi anataka wengine. Na kijani kilipopatikana mjini, wenzake sasa ndio wakawa wanachanganya nyekundu na nyeupe kutafuta waridi ile!

Kwa hiyo mkuu wa Dodoma, ukiona twiga wa waridi Unguja ukasema hawa wameigana, ni kweli wameigana. Ila kuna mahali mmoja alianza, na alianza kwa sababu ya njaa.

Sijakataa kwamba marudio yapo. Yapo, na mjomba mwenyewe aliyafanya. Mwenye duka la zawadi akija kuagiza twiga hamsini, saizi moja, Ijumaa achukue, unafikiri atakataa? Aliita hizo "kazi za tumbo". Alizifanya vizuri, rangi haikunjamani, doti hazigongani, ila alikuwa anaimba huku akizichora, na akichora kazi yake hasa alinyamaza kimya. Sisi watoto tulijua kwa kusikiliza kutoka chumbani leo ni ipi. Bendi ya dansi ikipiga wimbo ule ule kila Jumamosi miaka 20 mnasema wakongwe, mnawatunza jukwaani. Mchoraji akirudia chui mnasema mashine.

Ninachokubaliana na wewe ni kuhusu soko. Mnunuzi wa jumla hataki chui mwenye pengo. Anataka wa jana aliyeuzika. Na mchoraji hana pa kukimbilia, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha uliyoichora, hailindi namna ya kuchora. Waridi ya mjomba haikuwa ya mtu. Lakini hata yeye asingeshtaki, maana na yeye nani alimpa mbuyu? Aliukuta mbuyu kwa wenzake. Hapo ndipo mimi na yeye tulikuwa tunabishana. Mimi nilitaka aweke jina kubwa mbele, herufi zisomeke. Yeye alikuwa anasaini kwa herufi mbili pembeni chini, nyingine hasaini kabisa. Kuna mnunuzi mmoja alimwomba asaini kwa jina la mchoraji mwingine anayejulikana zaidi, kwa bei mara tatu. Alikataa, lakini hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Huyo mwenyewe yupo hapo nyuma, anakunywa chai, kamwombe yeye."

Mwaka 1990 wachoraji wa pale walijiandikisha kuwa chama cha ushirika, na jengo lao mpaka leo liko pale pale Morogoro Stores. Mjomba aliingia, akapata kona yake barazani na kiti chake cha miguu mitatu iliyo sawa na mmoja uliobandikwa. Hapo ndipo alipopaona pakiwa kama kijiji. Mwenzake akikosa nyeupe anachota kwake. Mgeni akija kwa mtu ambaye kaenda msibani, kazi yake inauzwa na hela inawekwa. Waliwahi pia kudhulumiana, siwadanganyi, kuna mwaka mzima hakusemeshana na jirani yake wa kushoto kwa sababu ya kopo la buluu. Mwaka mzima wamekaa hatua mbili!

Mliouliza mashetani kwenye PM (ujumbe wa faragha): mashetani yale ya midomo mipana na masikio ya bakuli ni njia ya Wamakonde, na aliyeyatangaza kwa rangi zaidi ni George Lilanga wa Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii Dar, aliyefariki 2005. Soko likayataka, wachoraji wa Tingatinga wengi wakayaingiza. Mjomba alijaribu. Mama akamwambia hayo hayalali ndani ya nyumba yenye watoto. Akayachora, akayalaza nje barazani, asubuhi akakuta yameibiwa. Akasema mashetani yana miguu, na hakuchora mengine. Alichokipenda zaidi kutoka kwa wenzake ni kazi za Mohamed Charinda, naye mtu wa kwetu Tunduru, zile za vijiji na historia ambazo ukisimama mbele yake inabidi uzisome kama gazeti. Alikuwa anazikaribia mpaka pua inagusa, anatoka anatikisa kichwa. Wivu wa kistaarabu.

#8 – Mchangiaji, Dodoma

Dada, nimekaa kimya nasoma. Chui mwenye pengo nakubali. Bado naamini soko limeua wengi wa aina hiyo, lakini neno fotokopi nalirudisha nilikolitoa. Alifundisha nani? Watoto wake wanachora?

#9 – Mwanzisha uzi

Watoto wake wa kumzaa hakuna anayechora. Mmoja fundi friji, mmoja mwalimu, wawili wako kwenye biashara. Hakuwalazimisha. Aliyefuata brashi ni mpwa, mdogo wangu wa kiume, na nadhani hilo halitawashangaza wa kusini. Sasa hivi anachora bodaboda na foleni ya Mwenge kwa mtindo ule ule wa rangi za kulaza na doti. Mjomba alipoziona mara ya kwanza alikaa kimya, tukadhani amechukia. Akauliza, "Huyu abiria wa nyuma anadaiwa nini?" Mdogo wangu akaanza kutunga pale pale. Ikawa ndiyo ruhusa.

Nje ya hadibodi alikuwa hatulii vilevile. Vishada vyetu vya karatasi vilikuwa na macho. Vigari vya makopo ya maziwa vilikuwa na namba za usajili, na namba zilikuwa za gari la mtu fulani mtaani. Kibanda cha kinyozi wa mtaani alikipaka ubao wenye vichwa vitano, kila kichwa mteja wa kweli, mmoja mwenye upara akalalamika kuwa anatangazwa bure. Akampa kofia. Kilemba cha mwanasesere wangu alikishona mwenyewe kwa kipande cha kitambaa cha kufutia brashi, kilinuka tapentaini mpaka nikaolewa nacho.

Miaka ya mwisho jicho la kulia liliingia mtoto wa jicho. Doti zikaanza kuwa kubwa. Halafu kubwa zaidi. Wateja wakazipenda, wakasema ameingia kipindi kipya cha sanaa yake. Alicheka mpaka akakohoa. "Kipindi cha upofu," akatuambia, ila kwa mgeni alitikisa kichwa kwa busara. Tulimpeleka akafanyiwa upasuaji, akarudi anaona vizuri, akazitazama zile picha za doti kubwa na kusema ni nzuri kweli, akaendelea nazo kwa makusudi.

Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa ajili ya korona, baraza lote pale lilikuwa kimya. Wengine walirudi mikoani. Yeye alibaki na makopo yaliyojaa na hana wa kumuuzia, akaanza na mlango wa choo chetu cha nje. Twiga. Jirani akaona, akataka tembo kwenye wake. Mpaka Ramadhani inaisha, uchochoro mzima ulikuwa na milango ya choo yenye wanyama, na watoto wakaacha kusema naenda chooni, wanasema naenda kwa kiboko. Hakutoza mtu. Mama mmoja alimletea mihogo ya nazi kila futari, hayo ndiyo malipo makubwa aliyopata. Kama kuna mtaalamu wa sanaa humu anataka kuandika kitu, aende Mwananyamala akapige picha hiyo milango kabla wenye nyumba hawajaweka ya chuma. Mitatu imeshang'olewa.

Kuhusu kifo chenyewe sina mengi. Aliugua moyo, akalazwa, akarudi nyumbani, akafariki alfajiri. Kwenye arobaini wachoraji wenzake walikuja na kazi moja waliyochora kwa kupokezana, kila mmoja kaweka mnyama wake. Jirani yake yule wa kopo la buluu alichora kanga, kamgeuza kinyume na wenzake. Wote tulielewa.

#10 – Mchangiaji, Arusha

Nimelia na kucheka. Dada, nina swali la vitendo kidogo. Bibi yetu alituachia picha ya Tingatinga kwenye hadibodi, imekaa jikoni miaka, imeshika masizi na pembe moja imepinda. Haina sahihi. Tuisafisheje? Shangazi anataka kuipaka mafuta ya nazi.

#11 – Mwanzisha uzi

Mzuie shangazi haraka! Mafuta ya nazi yanashika vumbi na baada ya muda yananata. Na mafuta ya taa ndiyo kabisa, yanalainisha rangi.

Kwanza itoe jikoni. Ipanguse vumbi kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu. Kisha chukua maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo sana ya mche, chovya kitambaa, kikamue mpaka hakidondoki, jaribu pembeni ambako hakuonekani. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, acha hapo hapo. Isipotoka, pita taratibu kipande kwa kipande, na kila kipande ukifute kwa kitambaa kingine kikavu. Upande wa nyuma usiuguse na maji hata kidogo, hadibodi inakunywa na kuvimba. Palipobanduka usipake gundi wala rangi mpya, mpeleke mchoraji akaone.

Ukiitundika tena, iweke ukuta usio na unyevu na usiopigwa na jua la mchana, na ubandike vipande vidogo vya mpira nyuma kwenye pembe nne ili hewa ipite. Pembe iliyopinda mjomba alikuwa anainyoosha hivi: picha unaifunga kwenye shuka safi kavu, unailaza chini ya godoro, uso juu, siku kadhaa. Ila mwambie atakayelalia.